Mshahara Ukipanda Huku Nyumba Ikipungukiwa: Majimbo ya Marekani na Usalama wa Kiuchumi wa Familia za Kipato cha Chini

Mtu akiuliza Marekani inazisaidiaje familia zenye kipato kidogo, jibu la kweli huanza na swali: anazungumzia jimbo gani? Wengi wetu, hata wenye ndugu huko, tumezoea kuitazama nchi hiyo kupitia Washington, kwa rais, Bunge la taifa na mivutano yao ya kila siku. Lakini kiasi cha fedha kinachoingia katika nyumba ya mama anayefungasha nyama kiwandani au anayesafisha vyumba vya hoteli, na siku ambayo fedha hizo zitakatwa, ni mambo yanayoamuliwa kwa sehemu kubwa Nashville, Raleigh, Saint Paul na Santa Fe, yaliko mabunge ya majimbo. Waswahili wanahusika hapa moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa katika muongo uliopita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote waliopokewa Marekani. Wengi wao walitoka katika kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, na walipelekwa katika majimbo ambayo hawakuyachagua. Familia mbili zilizoishi kambi moja zinaweza leo kuwa na mshahara uleule, idadi ileile ya watoto na kodi ya nyumba ileile, na bado zikaishi maisha tofauti kabisa kwa sababu moja iko Tennessee na nyingine iko North Carolina.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kutazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Serikali ya shirikisho hutoa sehemu kubwa ya fedha na kuweka mipaka ya jumla. Majimbo huendesha ofisi, hupokea maombi, huajiri maofisa, na juu ya yote hujaza nafasi ambazo sheria ya taifa imeziacha wazi: kipato gani kiwe ukomo, msaada upungue kwa kasi gani, familia ithibitishe hali yake kila baada ya miezi mingapi, na akiba au gari lihesabiwe au lisihesabiwe. Nafasi hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Fedha taslimu na sheria ya 1996

Mfano mkali zaidi ni msaada wa fedha taslimu. Kuanzia 1935 serikali ya shirikisho ilikuwa ikichangia gharama kadiri jimbo lilivyotumia, kiasi kwamba familia zenye shida zikiongezeka, fedha nazo ziliongezeka. Mnamo Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyouvunja mpango huo na kuunda mwingine unaojulikana kwa kifupi kama TANF. Tangu hapo kila jimbo hupewa fungu lisilobadilika, na mafungu yote kwa pamoja ni takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka. Kiasi hicho hakikuwahi kuongezwa ili kuendana na mfumuko wa bei, kwa hiyo thamani yake halisi imeshuka kwa zaidi ya asilimia 40. Sheria hiyohiyo iliweka ukomo wa miezi 60 kwa familia nyingi katika maisha yote ya mzazi, na ikayaruhusu majimbo kuufupisha. Arizona imeufikisha miezi 12.

Wakati sheria inapitishwa, kati ya kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilikuwa zikipata msaada huo. Siku hizi ni kama 20 tu. Umaskini haukupungua kwa kiwango hicho. Kilichotokea ni kwamba majimbo yalipewa uhuru wa kuzitumia fedha kwa malengo mapana, na mengi yakagundua kwamba fungu hili linaweza kuziba matundu ya bajeti katika malezi ya watoto, ustawi wa jamii na hata ufadhili wa vyuo. Kote nchini ni karibu robo tu ya fedha za TANF na nyongeza za majimbo inayofika mikononi mwa familia kama fedha taslimu. Huko Mississippi wakaguzi walibaini kuwa angalau dola milioni 77 zilitumika visivyo, zikiwemo dola milioni 5 zilizokwenda kwenye uwanja wa voliboli wa chuo kikuu. Kashfa hiyo ilitangazwa sana, na ilistahili. Kwa maoni yangu, hata hivyo, jambo zito zaidi ni lile lisilovunja sheria yoyote: familia ya watu watatu huko Arkansas isiyo na kipato kingine hupata dola 204 kwa mwezi, na hilo ni halali kabisa.

Nyongeza ya dola moja na nusu

Familia nyingi za kipato cha chini, lakini, zina mtu anayefanya kazi, na kwao tatizo linakuja kwa sura nyingine. Tuchukue mama wa kubuni mwenye watoto wawili. Analipwa dola 16 kwa saa, anafanya kazi saa 40 kwa wiki, na bibi wa watoto ndiye anayewaangalia akiwa kazini. Kwa mwaka anapata dola 33,280. Kodi ya nyumba pamoja na umeme na joto ni dola 1,600 kwa mwezi. Tuseme pia ni raia, ili suala la hati lisituchanganye kwa sasa. Mwajiri anamwongezea dola 1.50 kwa saa, na kwa mwaka hiyo ni dola 3,120 zaidi. Je, nyumbani kunaongezeka kiasi gani?

Kwanza, makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, ambayo ni asilimia 7.65, yanachukua kama dola 240. Pili, nafuu ya kodi ya shirikisho kwa wafanyakazi wa kipato cha chini hupungua kwa senti 21 kwa kila dola anayoongeza mtu mwenye watoto wawili aliyefikia kiwango chake, na hapo zinaondoka dola 657 nyingine. Hadi hapa, bila kuhesabu kodi ya mapato ya shirikisho, bado ana dola 2,200 hivi, na mahesabu hayatofautiani sana kutoka jimbo hadi jimbo.

Tofauti inaanzia kwenye msaada wa chakula, SNAP, ambao watu wetu wengi huko bado wanauita fudi stempu. Kwa viwango vya mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2025, mama huyu kabla ya nyongeza alistahili kama dola 340 kwa mwezi, yaani zaidi kidogo ya dola 4,000 kwa mwaka. Sheria ya taifa inasema ukomo wa kipato ghafi ni asilimia 130 ya mstari wa umaskini, ambayo kwa familia ya watatu ilikuwa dola 2,798 kwa mwezi. Alikuwa akipata 2,773. Baada ya nyongeza anapata 3,033. Tennessee imeushikilia ukomo huo wa 130, kwa hiyo msaada wote wa chakula unakatwa. Ukijumlisha na kutoa, mama aliyeongezewa dola 3,120 amepungukiwa kwa takriban dola 1,850 kwa mwaka.

Sasa mhamishie North Carolina, jimbo la jirani. Sheria za shirikisho zinaliruhusu jimbo kupandisha ukomo hadi asilimia 200 kwa kuziunganisha stahili za SNAP na huduma nyingine inayolipiwa na fedha za TANF, hata ikiwa ni kijitabu cha maelezo tu. North Carolina imefanya hivyo. Mama huyu haondolewi. Msaada wake unapungua kwa kama dola 94 kwa mwezi kufuatana na kipato kilichoongezeka, na mwaka ukiisha anabaki na faida ya dola 1,100 kabla ya kodi ya mapato ya jimbo, ambayo Tennessee haina na North Carolina iliitoza kwa asilimia 4.25 mwaka 2025. Hata ukiitoa, amepiga hatua ya mbele ya kama dola 970. Mtu ni yuleyule na nyongeza ni ileile, ila mpaka wa majimbo umeigeuza hatua moja mbele kuwa karibu mbili nyuma.

Wachumi huliita jambo hili poromoko la misaada, na hesabu yangu hapo juu ni ya upole, kwa sababu imehusu msaada mmoja tu. Ruzuku ya malezi ya watoto ina ukomo wake, ruzuku ya nyumba ina wake, na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ina wake. Kila mpango ulitungwa na kamati tofauti katika mwaka tofauti, na matokeo yake ni kama mgonjwa anayetibiwa na waganga watano, kila mmoja akitoa dawa yake bila kuuliza mwenzake ametoa nini. Kwa North Carolina, jimbo la 40 kupanua Medicaid, lililoanza kufanya hivyo Desemba 2023, mtu mzima katika familia ya watatu alikuwa anabaki kwenye bima hiyo mwaka 2025 mradi kipato chake hakizidi dola 36,777. Mama wetu baada ya nyongeza yuko kwenye 36,400. Nyongeza nyingine ndogo, au saa chache za ziada msimu wa sikukuu, na ataanza kutafuta bima nyingine. Ndiyo maana katika jamii hizi utasikia mtu mwenye akili timamu akikataa kupandishwa cheo. Wanasiasa wengine huita huo uvivu. Anayeandika namba hizi kwenye karatasi huona ni uangalifu.

Kwa nini basi majimbo yote yasipandishe ukomo? Wanaopinga wana hoja mbili zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba ukomo ukipanda, watu wengi zaidi huingia kwenye msaada, wakiwemo wasio na shida kubwa. Ya pili ni kwamba mteremko mrefu nao una gharama yake, kwa kuwa kupunguza msaada polepole huwafanya watu wengi wapoteze senti kadhaa kwa kila dola katika eneo pana zaidi la kipato. Hoja ya kwanza inapungua nguvu kwa SNAP kwa sababu mwenye kipato cha juu zaidi ndani ya ukomo hupata kidogo sana au hapati kitu, maana hesabu yenyewe hushusha kiasi hadi kiishe. Hoja ya pili ni ya kweli na haina dawa kamili. Ukitaka msaada uwafikie maskini tu, lazima uupunguze mahali fulani. Linaloweza kuchaguliwa ni kama mtu atateremka ngazi au ataanguka.

Mshahara, kodi na malezi

Njia nyingine ni kuinua mshahara wenyewe. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, na hakijabadilika tangu Julai 2009. Mwaka 2025 jimbo la Washington lilikuwa kwenye dola 16.66. Texas, Kentucky, Iowa, Tennessee na North Carolina zilikuwa miongoni mwa majimbo 20 yaliyobaki kwenye 7.25, ingawa waajiri wengi humo hulazimika kulipa zaidi ili wapate watu. Lisilojulikana sana ni kwamba jimbo linaweza pia kuuzuia mji wake usipandishe kima hicho. Baraza la Louisville, Kentucky, mji wenye Waswahili wengi, liliamua kufikisha dola 9 kwa hatua, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta sheria hiyo kwa kusema mji hauna mamlaka hayo. Huko Iowa kaunti ya Johnson, uliko mji wa Iowa City, ilikuwa imeshafika dola 10.10 pale bunge la jimbo lilipopitisha sheria ya Machi 2017 na kuzirudisha kaunti zote kwenye 7.25. Mishahara iliyokwishaongezwa ilikosa nguvu ya kisheria kwa saini moja.

Kodi ndiyo sehemu ambayo majimbo yamekuwa na ubunifu zaidi, na chanzo chake ni jaribio la taifa zima. Mwaka 2021 nafuu ya kodi kwa watoto ilipandishwa hadi dola 3,600 kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 na 3,000 kwa wakubwa zaidi, ikatolewa hata kwa wazazi wasio na kipato, na nusu yake ikalipwa kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba. Kwa kipimo kinachohesabu misaada na kodi, umaskini wa watoto ulishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2. Bunge la taifa likaacha mpango huo ufe, na mwaka uliofuata umaskini ukawa asilimia 12.4. Sijui sera nyingine ya kijamii ya hivi karibuni ambayo matokeo yake, kwa kuwekwa na kwa kuondolewa, yalionekana wazi namna hiyo.

Minnesota ilijifunza. Mwaka 2023 bunge lake lilipitisha nafuu ya dola 1,750 kwa kila mtoto, bila kikomo cha idadi ya watoto, jambo lenye maana kubwa kwa familia zetu ambazo watoto sita si habari. Nafuu hiyo hurejeshwa taslimu hata kwa asiyedaiwa kodi yoyote. Kisha waandishi wa sheria waliuangalia mteremko: kwa kila dola inayozidi kiwango kilichowekwa, familia ilipoteza senti 12 tu, na nafuu ya wafanyakazi pamoja na ile ya watoto ziliunganishwa zipungue kwa pamoja badala ya kila moja kukata upande wake. Hilo halikupigiwa makofi kwenye mkutano wowote wa hadhara, lakini kwangu ndilo lililokuwa la thamani zaidi katika sheria nzima. Zaidi ya majimbo 30 yana nafuu yake kwa wafanyakazi juu ya ile ya shirikisho. Tennessee na Texas, kwa kuwa hazitozi kodi ya mapato, hazina mahali rahisi pa kuiweka. Badala yake Tennessee hutoza asilimia 4 kwenye unga, mafuta ya kupikia na maziwa, kodi ambayo maskini huilipa kwa uwiano mkubwa kuliko tajiri.

Kuhusu malezi ya watoto nitasema kwa kifupi. Mwaka 2022 wapiga kura wa New Mexico waliidhinisha kutumia sehemu zaidi ya mfuko wa kudumu wa jimbo, unaojazwa hasa na mapato ya mafuta na gesi, kwa ajili ya watoto wadogo, na Novemba 2025 jimbo lilianza kutoa malezi bila malipo pasipo kuangalia kipato. Ukomo wa kipato ukiondolewa, poromoko nalo linaondoka. Si kila jimbo lina visima vya mafuta, bila shaka.

Bahasha

Yote hayo yanaweza kushindwa na karatasi. Wakati wa janga la korona majimbo yalizuiwa kuwaondoa watu kwenye Medicaid, na kuanzia Aprili 2023 yaliruhusiwa kuanza tena kuhakiki. Zaidi ya watu milioni 25 waliondolewa, na takriban 7 kati ya kila 10 hawakuondolewa kwa sababu ya kipato kuzidi. Walikosa utaratibu: fomu haikurudishwa kwa wakati, anwani ilikuwa ya zamani, hati moja ilipungua, au simu haikupokelewa. Familia iliyohama nyumba mara mbili katika mwaka wake wa kwanza, ambayo mwenye kusoma Kiingereza ni mtoto wa darasa la tano, haina bahati nzuri mbele ya bahasha ya kurasa nyingi yenye tarehe ya mwisho. Majimbo yaliyotumia kumbukumbu za mishahara na kodi yaliyokuwa nazo tayari ili kumhuisha mtu bila kumtumia fomu yalipoteza wachache zaidi. Muda wa uhakiki, urefu wa fomu na lugha ya barua ni sera kama ilivyo kiwango cha msaada, ingawa huamuliwa na maofisa ambao hakuna aliyewapigia kura.

Karatasi hizo zitakuwa nzito zaidi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondolea wakimbizi na waliopewa hifadhi haki ya SNAP hadi wapate ukaazi wa kudumu, na kuanzia Oktoba 2026 inabana pia Medicaid kwa makundi hayo. Kwa familia ya Kikongo iliyofika hivi karibuni, hesabu yote ya mama wetu hapo juu haianzi kabisa. Sheria hiyohiyo imehamishia mzigo kwa majimbo. Gharama za kuendesha SNAP, ambazo jimbo lilibeba nusu, zinakuwa robo tatu kuanzia Oktoba 2026. Na kuanzia Oktoba 2027, kwa mara ya kwanza, majimbo mengi yatalipia sehemu ya chakula chenyewe kulingana na kiwango cha makosa ya malipo: jimbo lililo chini ya asilimia 6 halitalipa, na lililofikia asilimia 10 au zaidi litalipa asilimia 15. Wastani wa taifa kwa mwaka wa fedha 2024 ulikuwa asilimia 10.93, na makosa hayo huhesabu kulipa pungufu sawasawa na kulipa zaidi, mengi yakiwa ni ya kukokotoa na si ya wizi.

Majimbo karibu yote yanalazimishwa na katiba au sheria zao kusawazisha bajeti, tofauti na serikali ya shirikisho inayoweza kukopa. Uchumi ukidorora, mapato ya kodi hupungua katika mwaka uleule ambao waombaji wa chakula wanaongezeka. Njia ya haraka ya kushusha kiwango cha makosa ni kudai hati zaidi na kuhakiki mara nyingi zaidi, na njia ya haraka ya kushusha gharama ni kurudisha ukomo wa kipato kwenye asilimia 130. Bunge la Texas, ambalo hukutana kwa kawaida siku 140 kila baada ya miaka miwili, linafungua kikao Januari 2027, na bajeti litakayopitisha itaanza Septemba mwaka huo, mwezi mmoja kabla ya ankara ya kwanza ya chakula kufika.